Ardhi ya mjini isiuzwe ovyo, iwekwe akiba ya kujengea nyumba

Mhariri, naomba nafasi nichangie hili la nyumba za bei nafuu hapa Dar, maana kila siku tunaongelea simenti, nondo na mikopo ya benki, wakati kinachotukwamisha kwanza ni ardhi.

Wengi tunakumbuka mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002. Serikali ikakopa hela Hazina, ikalipa watu fidia, ikapima Bunju, Mbweni, Tuangoma, Kibada, Buyuni na kwingine, na vikatoka viwanja vingi kuliko hivyo vilivyopangwa. Kazi ilikuwa nzuri, siibezi hata kidogo, ila vikauzwa kwa yeyote mwenye hela mkononi na hapo ndo tulipoharibu. Nendeni Kibada, kule Kigamboni, mkaone, mpaka leo kuna viwanja bikoni za mipaka zimefunikwa na majani, mwenyewe anasubiri bei ipande tu, na hati imemwambia aendeleze ndani ya miezi 36 ila hakuna anayemfuatilia. Alafu 2016 daraja la Kigamboni likafunguliwa, limejengwa kwa hela za mfuko wa hifadhi ya jamii NSSF na serikali, yaani hela zetu, bei za viwanja zikapaa na faida yote ikaingia mfukoni kwa waliowahi kununua.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini tu, sasa kwa nini halmashauri ikipata eneo zuri inakimbilia kulikata vipande na kuuza? Ikae nalo jamani! Wapewe wajenzi kwa mkataba wa miaka, na kodi za nyumba zipangwe humo humo kwenye mkataba, wakivunja eneo linarudi.

Na msiniambie haiwezekani. Magomeni Kota zile familia 644 zilivunjiwa nyumba zikahangaika miaka, eneo lingeuzwa leo tungekuwa na mall nyingine, lakini 2016 Magufuli akaagiza Wakala wa Majengo (TBA) wajenge na Machi 2022 Rais Samia akazindua maghorofa na watu walewale wakarudi. Imewezekana kwa sababu eneo lilibaki mikononi mwa serikali, basi, na mtu anaishi pale anatembea kidogo anapanda mwendokasi, Kariakoo hiyo hapo. Linganisha na mama ntilie anayetoka Chanika, anaamka saa tisa usiku awahi daladala, jioni anafika watoto wamelala, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo kwa chumba kimoja cha choo cha kuchangia. Huyu ndo analisha mji huu.

Ombi langu kwa Wizara ya Ardhi na halmashauri zote tano za Dar, tangazeni orodha ya maeneo ya umma yaliyobaki mjini, kota za zamani, magodauni yasiyotumika, viwanja vilivyofutiwa hati, wananchi tuyajue, na mauzo yasimame kwanza mpaka ijulikane ni yapi yanatengwa kwa ajili ya nyumba za kupangisha.

Mpangaji, Tandika, Dar es Salaam