Yah: Malalamiko kuhusu spidomita inayosoma chini ya mwendo halisi baada ya kubadilishwa giaboksi

Kwa Meneja wa Huduma,

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Gari liliingia karakana yenu kubadilishiwa giaboksi, likatoka na spidomita inayodanganya. Liliporudishwa, fundi wenu aling'oa mita nzima ya dashibodi, akafunga nyingine, ankara ikalipwa, na kasoro ikabaki palepale. Naandika kudai kazi irekebishwe na fedha zirudi. Pia naweka hapa vipimo vinavyoonyesha kwamba kifaa mlichobadilisha hakikuwa na kosa lolote.

Vipimo vilichukuliwa kwenye barabara iliyonyooka, tambarare na isiyo na miti ya kuziba anga, mwendo ukishikiliwa bila kuyumba kwa sekunde 30 hivi kila mara, kwa sababu GPS huchelewa kidogo gari linapoongeza au kupunguza mwendo. Simu ilishikwa na abiria, si dereva. GPS ikionyesha kilometa 40 kwa saa, mshale uko 38. GPS ikionyesha 80, mshale uko 75. Kwenye 100, mshale uko 94. Mashine ya OBD iliyochomekwa chini ya usukani, ambayo husoma mwendo unaoifikia kompyuta ya injini, ilitoa 37, 73 na 92 kwa mpangilio huohuo. Asiyeiamini simu achukue saa na nguzo za kilometa: mshale ukishikiliwa kwenye 75, kilometa moja inaisha kwa sekunde 45, na sekunde 45 kwa kilometa ni mwendo wa 80 kamili.

Namba hizo zilitosha kuonyesha kosa liko wapi kabla ya kufungua skrubu hata moja. Gawanya namba ya OBD kwa namba ya GPS na utapata takriban 0.92 kwenye mwendo wa chini, wa kati na wa juu. Kosa linalokua sawia na mwendo hutokana na hesabu ya mzunguko: tairi, pinioni (gia ndogo inayozungusha sensa ya mwendo), au namba iliyoandikwa kwenye kompyuta. Mshale uliochomekwa vibaya una tabia tofauti kabisa. Huo hukosea kwa kiasi kilekile kila mahali, tuseme 6 pungufu kwenye 40 na 6 pungufu kwenye 100, na gari likisimama haulali kwenye sifuri yake. Sensa ya mwendo inayokufa, waya uliochubuka au plagi iliyoingia maji huufanya mshale uruke, uanguke hadi sifuri kisha urudi, na mara nyingi kompyuta huandika kosa P0500, la sensa ya mwendo. Mshale wa gari hili umetulia kabisa. Umetulia mahali pasipo sahihi.

Kipimo kilichopaswa kumzuia fundi wenu asiiguse mita ni cha odomita, yaani kihesabu kilometa, na hakihitaji chombo chochote. Kwenye kilometa 10 za nguzo za barabarani, odomita ilihesabu 9.2. Odomita haiujui mshale. Inahesabu mipigo ya umeme inayotoka kwenye sensa. Mshale na odomita vikipungua pamoja, na OBD ikapungua navyo, basi upungufu umekwisha kutokea kabla mipigo haijafika kwenye dashibodi. Kubadilisha mita hapo ni sawa na kubadilisha saa ya ukutani kwa sababu umeme unakatika. Mita mliyofunga ilionyesha makosa yaleyale, namba kwa namba. Ushahidi huo mliupata wenyewe siku mliyoifunga, lakini gari likakabidhiwa hivyohivyo.

Kwa mdomo nilielezwa kwamba huenda tairi ndizo zenye tatizo. Hapana. Gari lina tairi za 195/65R15, saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Kipenyo chake ni rimu ya inchi 15, yaani milimita 381, jumlisha kuta mbili za milimita 126.75, jumla 634.5. Tairi ikiisha kutoka kina cha milimita 8 hadi 1.6, kipenyo hupungua kwa milimita 12.8, ambayo ni asilimia 2 tu, tena upande wa pili: tairi iliyoisha huzunguka mara nyingi zaidi kwa kilometa, kwa hiyo spidomita husoma juu, si chini. Ili tairi peke yake ilete upungufu huu, ingehitaji kipenyo cha milimita 692 hivi, karibu sentimita 6 zaidi ya iliyopo. Tairi ya namna hiyo ingeonekana kwa macho tu, na ingekwangua ndani ya madigadi kila usukani unapokatwa.

Nilielezwa pia kwamba mashine haikuonyesha kosa lolote, kwa hiyo mfumo ni mzima. Kompyuta haiwezi kujua kuwa pinioni si yake. Inaandika kosa pale mipigo inapokatika, au inapopingana waziwazi na mzunguko wa injini. Mipigo safi iliyopungua kwa asilimia 8 inaikubali bila swali.

Kinachobaki ni kile kilichobadilika siku gari lilipokuwa kwenu: giaboksi. Spidomita ya gari hili inafuata kiwango cha mizunguko 637 ya pinioni kwa kilometa, na sensa yake hutoa mipigo minne kwa kila mzunguko, yaani mipigo 2,548 kwa kilometa. Sensa yenyewe inazungushwa na pinioni ya plastiki inayoingia ubavuni mwa giaboksi. Inafungwa kwa bolti moja ya spana namba 10. Ukiizungusha kidogo huku ukiivuta inatoka na oili kidogo, na idadi ya meno inasomeka kwenye plastiki au inahesabika kwa kidole. Pinioni ya giaboksi ya zamani, iliyorudishwa kwenye boksi la vipuri vilivyotolewa, ina meno 33. Iliyomo sasa, iliyokuja na giaboksi mliyofunga, ina meno 36. Meno yakizidi, pinioni inazunguka polepole. 33 gawanya kwa 36 ni 0.917, na hiyo ndiyo 0.92 ya vipimo vya OBD na odomita hapo juu. Kwa kila kilometa dashibodi inapokea mipigo 2,336 hivi badala ya 2,548. Anayetaka kuthibitisha kwa umeme aweke multimita ya kupima hezi (mipigo kwa sekunde) kwenye waya wa ishara: kwenye mwendo halisi wa 60 ilipaswa kusoma takriban 42, nayo itasoma 39.

Giaboksi ya gari jingine, hata likiwa la aina ileile, inaweza kuwa ilitoka kwenye gari lenye tairi za saizi nyingine au difu (gia ya mwisho inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) ya uwiano mwingine, na ndiyo maana pinioni hizi hutengenezwa kwa meno tofauti. Fundi anayebadilisha giaboksi ana kazi ya dakika chache: kutoa pinioni zote mbili, kuhesabu meno, na kuhamisha ya zamani ikiwa nzima na difu ni ya uwiano uleule. Hilo halikufanyika.

Msichukulie kwamba ni kasoro ndogo. Spidomita inayosoma juu kidogo ni jambo la kawaida na imekusudiwa, ndiyo maana mshale uko juu kidogo ya OBD. Kanuni Na. 39 ya Umoja wa Mataifa inaruhusu izidishe kwa asilimia 10 ya mwendo halisi pamoja na kilometa 4 kwa saa. Kwenye 80 halisi mshale unaweza kuwa popote kati ya 80 na 92. Kusoma chini ya mwendo halisi hakuruhusiwi hata kwa kilometa moja. Dereva wa gari hili akiuweka mshale kwenye 80 kwa nia njema kabisa, anakwenda 85. Akiuweka kwenye 100 anakwenda zaidi ya 106. Faini itamwangukia yeye, na umbali wa kusimama utaongezeka bila yeye kujua. Karakana iliyorudisha gari barabarani katika hali hiyo, baada ya kuarifiwa, imeshiriki katika hatari hiyo.

Kuna madhara mengine ya kimyakimya. Sevisi ya kilometa 10,000 itafanyika gari likiwa limetembea zaidi ya 10,900. Hesabu ya mafuta itaonyesha injini inakunywa kwa asilimia 9 zaidi ya ukweli, na mtu anaweza kuanza kubadilisha plagi na kusafisha nozeli zisizo na ubaya. Baya kuliko yote, mita mliyofunga ilikuja na kilometa za gari jingine. Gari sasa linaonyesha historia isiyo yake, na atakayelinunua baadaye ana haki ya kudhani amedanganywa.

Kwa hiyo naomba mfanye yafuatayo. Rudisheni mita ya asili ya gari hili, ikiwa nzima kama ilivyotolewa. Fungeni pinioni ya meno 33 kwa oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) mpya, maana ya zamani ikishabonyea huvujisha oili ya giaboksi, kisha mpime kiwango cha oili. Rejesheni gharama yote ya mita ya pili na ya ufundi wa kuifunga. Gharama ya pinioni na oringi ni yenu, kwa kuwa ni sehemu ya kazi ya giaboksi ambayo haikukamilika. Nipeni barua yenye mhuri inayotaja kilometa zilizokuwepo siku ya kubadilisha giaboksi, zilizosomwa siku mita ilipotolewa, na zilizoonyeshwa na mita ya pili ilipofungwa na itakapotolewa. Kilometa zilizohesabiwa kwa pinioni ya meno 36, kwenye mita zote mbili, zizidishwe kwa 36 gawanya kwa 33.

Gari lisikabidhiwe kabla ya kujaribiwa barabarani kwa GPS kwenye 40, 80 na 100, nami nikiwepo, namba zikiandikwa kwenye kadi ya kazi. OBD ipishane na GPS kwa kilometa 1 au 2 tu, mshale uwe sawa na GPS au juu yake kidogo, na odomita isome 10 kwenye kilometa 10. Mshale ukibaki chini hata kwenye kipimo kimoja, kazi haijaisha.

Nasubiri jibu lenu kwa maandishi likitaja tarehe ya kulipokea gari. Nakala za ankara zote mbili, picha za pinioni zote mbili meno yakionekana, na jedwali la vipimo nimeviambatanisha.

Wako,

Mwenye gari