Barua kwa Athumani kuhusu ile disketi ya Prince of Persia

Tanga,
8 Februari 2025

Ndugu yangu Athumani,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na watu wako wote hapo Maskati. Huku sote wazima, alhamdulillahi, joto tu ndilo linatuonea. Kwa mama nilipita juzi. Magoti yanamsumbua lakini ulimi uko palepale: kaniuliza kama mimi na wewe, watu wazima wenye mvi, bado tunahangaika na vile vikatuni vya kompyuta. Nikamwambia ndiyo, na safari hii aliyeanza ni mwanao Nasri.

Ama baada ya salamu, picha uliyonitumia nimeiona, ya laptopu ikikwambia kwamba programu hii haiwezi kuendeshwa hapa. Usiirudishe dukani, haina ubovu wowote. Gemu hiyo ya Prince of Persia ni ya DOS, ule mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows; ilitoka mwaka 1990, na iliandikwa kwa ajili ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za biti 16. Windows za zamani, hata XP tuliyokuwa nayo, zilibeba ndani yake sehemu iliyojifanya DOS, ndiyo maana gemu nyingi za zamani ziliendelea kufunguka humo. Windows ya biti 64 haina sehemu hiyo kabisa. Na si uchoyo wa Microsoft peke yake. Prosesa yenyewe ikishaingia kwenye hali ya biti 64, inafunga ile njia ambayo programu za DOS zilikuwa zikipitia. Windows 11 nayo haina toleo jingine ila hilo la biti 64. Kwa hiyo huyo fundi aliyekwambia ubofye kulia na kuchagua hali ya Windows XP amekupotezea muda. Ile inaidanganya programu kuhusu jina la Windows tu, DOS hairudi.

Umefanya jambo la maana kuazima kile kisomeo cha disketi cha USB na kunakili faili zote kwenye laptopu kabla ya kujaribu lolote. Hizo disketi nyingine zilizobaki kwenye kopo la biskuti usizichomeke hivihivi. Shika moja, telezesha kile kijimlango cha bati kwa kidole, uitazame ile sahani nyeusi ya ndani kwenye mwanga. Ukiona madoa meupe ya ukungu, iweke kando, maana ukungu utabaki kwenye kichwa cha kisomeo na kila disketi utakayoingiza baadaye itakwaruzwa. Zimekaa Tanga miaka yote hiyo, na unaujua unyevu wa kwetu. Iliyo safi, kisukume kile kidude cha pembeni mpaka tundu lionekane wazi, ndipo Windows haitaweza kuandika chochote juu yake.

Na wala usijione mzembe kwa kuzisahau kwenye kopo. Jordan Mechner mwenyewe, aliyeitunga gemu hii, disketi zenye msimbo wake wa asili, yaani maandishi ya programu yenyewe, ule wa kompyuta ya Apple II wa mwaka 1989, zilimpotea miaka mingi. Baba yake ndiye aliyezikuta kwenye boksi nyumbani, mwaka 2012. Wakaitwa watu wenye mashine za zamani na ujuzi wa kuzisoma, zikasomeka, na Mechner akauweka msimbo wote hadharani. Baba huyo huyo ndiye aliyetunga muziki wa gemu. Ile nyimbo ya mwanzo, mchanga unapomiminika kwenye kioo cha saa, ni kazi ya mzee.

Sasa tufanye kazi. Pakua programu inayoitwa DOSBox, ya bure. Hiyo ni kompyuta ndogo ya zamani inayopangishwa chumba ndani ya kompyuta yako: ina prosesa yake ya kuigiza, kadi yake ya sauti ya Sound Blaster, saa yake na diski yake, na haijali kabisa Windows ya mwenye nyumba imesema nini. Tengeneza folda kwenye diski C uiite GEMU, ndani yake folda nyingine PRINCE, humo ndimo uweke zile faili. Majina yawe mafupi, yasizidi herufi nane wala yasiwe na nafasi katikati. DOS haijui majina marefu; ukiiita "Gemu za Athumani" utaikuta ndani imekatwa na kuwekewa alama za ajabu mwishoni.

Fungua DOSBox. Yatatokea madirisha mawili, shughulika na lile lenye Z:\> tu, na usilifunge jingine. Andika haya, kila mstari ukifuatiwa na Enter:

mount c c:\gemu
c:
cd prince
prince

Ule mstari wa kwanza ndio wenye siri. Unaiambia kompyuta ndogo kwamba folda ya GEMU ndiyo diski yake C. Bila hiyo inakaa haina kitu, inakutazama tu.

Itafunguka, na hapo utalalamika, kwa sababu picha itakuwa dirisha dogo, na mwana wa mfalme ataonekana kanenepa na kufupika. Gemu inachora pikseli, yaani nukta za picha, 320 kwa 200. Zile skrini za chogo zilikuwa zikiivuta picha kwenda juu mpaka ijaze umbo la nne kwa tatu, kwa hiyo wachoraji walichora wakijua kwamba kila nukta itarefuka kidogo. Skrini ya leo haifanyi hivyo, inaonyesha nukta za mraba, watu wakawa wamepondwa. Nenda kwenye menyu ya Start, tafuta DOSBox Options, litafunguka faili la maandishi. Tafuta neno aspect, ubadilishe false iwe true. Kisha penye output weka openglnb, na penye windowresolution weka 1280x960. Hiyo openglnb inakupa kingo kali. Ukiweka opengl tupu picha italainishwa iwe na ukungu, wengine wanaipenda, mimi naona kama nimesahau miwani. Mwisho kabisa wa faili kuna sehemu ya autoexec. Ile mistari minne niliyokuandikia ibandike hapo chini na hutaiandika tena.

Kasi usiiguse. Prince inahesabu muda kwa saa ya kompyuta, haifuati mbio za prosesa, kwa hiyo mwendo utakuwa uleule. Lakini kama kwenye lile kopo kuna gemu nyingine zitakazokimbia mpaka huoni kinachoendelea, bonyeza Ctrl na F11 kupunguza, Ctrl na F12 kuongeza. Kwenye laptopu huenda ukahitaji kushika na Fn. Alt na Enter inajaza skrini nzima.

Halafu kuna adha moja ambayo haikuwapo enzi zetu. Unakumbuka kwamba upanga unapigwa kwa Shift. Umesimama mbele ya yule mlinzi mnene wa leveli ya sita, umemrudisha hatua, unapiga, unapiga, unapiga, na ghafla gemu inatoweka, Windows inakuuliza kama ungependa kuwasha kitu kinaitwa Sticky Keys! Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo Windows inadhani unahitaji msaada wa kutumia kibodi. Mpaka ulifunge lile swali na kurudi ndani, mlinzi ameshakumaliza. Kizime kabla hujaanza: fungua Settings, uende Accessibility, halafu Keyboard, na uiondoe ile njia yake ya mkato. Kwa maoni yangu hili ni muhimu kuliko hayo ya pikseli yote.

Mtihani mwingine ni chupa. Ukimaliza leveli ya kwanza utaingia kwenye kile chumba chenye chupa zilizoandikwa herufi, na gemu itakutaka unywe ile yenye herufi ya kwanza ya neno fulani, ukurasa fulani na mstari fulani wa kijitabu kilichokuja na gemu. Ndiyo ilikuwa kinga yao dhidi ya wanakili kama sisi. Pale ofisini kwa mjomba wako, bandarini, tulikuwa na karatasi ya daftari iliyoandikwa herufi zote kwa kalamu nyekundu, na sijui ilikwenda wapi. Kijitabu chenyewe watu wameshakiskani, ukitafuta utakipata. Kama hutaki kutafuta, ipo njia ya pili, nayo ndiyo ningempa Nasri.

Inaitwa SDLPoP. Wapenzi wa gemu waliifungua toleo la DOS kipande kwa kipande, wakasoma amri zake, wakaiandika upya kwa lugha ya C ili iende moja kwa moja kwenye Windows, Linux au Mac. Haihitaji DOSBox. Inakwenda sawasawa na ile ya asili, na chumba cha chupa wamekizima. Baadhi ya kasoro za zamani unaweza kuzirekebisha kwenye faili la mipangilio au ukaziacha kama zilivyokuwa. Kuna na F6 ya kuhifadhi papo hapo mahali ulipo, na F9 ya kurudi. Kwa mtoto ni sawa. Kwako wewe, samahani, hapana. Gemu hii inampa mtu dakika 60 kumfikia binti wa Sultani, na dakika hizo hazisimami unapokufa. Unaanza leveli upya, saa inaendelea. Hofu yote imekaa hapo. Mtu mwenye F6 anaruka pengo, akianguka anarudi, akianguka anarudi, na Jaffar, yule waziri mwovu, hamtishi tena.

Umeniandikia kwamba Nasri anamwona mtu huyu ni mzito, ukibonyeza hageuki saa ileile. Mweleze sababu, labda atamtazama vingine. Mwaka 1985 Mechner alimchukua mdogo wake, David, akamvalisha nguo nyeupe na kumrekodi kwa kamera ya video akikimbia, akiruka, akining'inia. Kisha akakaa na picha zile, moja baada ya moja, akizifuatisha mpaka zikawa pikseli. Kwa hiyo mbio na miruko unayoiona ni mwili wa kweli wa kijana mmoja wa Marekani, na mwili wa kweli ukishaanza kuruka hauwezi kubadili nia hewani. Kibodi inangoja mpaka mguu ukanyage. Gemu za simu zimemzoesha mtoto watu wasio na uzani. Mwambie ahesabu hatua kabla ya pengo, ashike Shift na mshale asogee taratibu mpaka ukingoni, arudi nyuma, kisha akimbie. Na kwenye miba inayochomoza sakafuni asikimbie, apite kwa mwendo huohuo wa taratibu, haitamgusa.

Yale tuliyoyajua zamani bado yanafanya kazi. Upanga uko leveli ya kwanza, na ukimwendea mlinzi mikono mitupu pigo moja tu linatosha. Chupa yenye mapovu mekundu inaponya, ya bluu inaumiza. Kuanguka ghorofa mbili kunakula pembetatu moja ya uhai, tatu ni kifo. Mifupa inayoinuka leveli ya tatu haiuawi kwa upanga, unaisukuma mpaka ianguke shimoni. Na leveli ya nane ukijikuta umefungiwa nyuma ya lango, huna cha kufanya, keti tu utulie, atakuja panya.

Yule kivuli anayetoka kwenye kioo leveli ya nne nimemsoma kisa chake hivi karibuni. Mechner hakuwa amepanga kuweka mapigano. Rafiki yake, Tomi Pierce, alimsumbua kwamba gemu bila adui inachosha, naye akawa analalamika kwamba kumbukumbu ya Apple II imejaa, hana nafasi ya kuchora mtu mwingine. Mwisho akachukua picha zilezile za mwana wa mfalme, akazichanganya na nakala yake iliyosogezwa kidogo, akatokea mtu mweusi mwenye kumeremeta. Adui wa bure, hakula nafasi yoyote. Ndiye aliyetunywea ile chupa kubwa leveli ya tano tukabaki kutukana mpaka mlinzi wa ofisi akaja kuchungulia.

Tena huyo ndiye aliyetushinda. Leveli ya 12, kila ukimchoma yeye, uhai unapungua wako. Mjomba akafunga ofisi yake, kompyuta ikauzwa, na sisi hatukuwahi kumfikia binti. Mimi nimeshajua sasa namna ya kumpita, na hata chembe sikuandikii humu, maana najua utamwambia Nasri. Ukifika mbele yake, nipigie simu kabla hujafanya lolote, hata kama ni usiku wa manane.

Wasalimie mke wako na watoto. Kisomeo cha watu ukirudishe.

Wako,
Idi