Andikeni Tarehe: Barua kwa Vijana wa Ofisi ya Michoro, Mtwara

Wanangu,

Salamu nyingi kutoka Shangani. Bango lenu pale Chikongola nimeliona, na mjukuu wangu kanionyesha kwenye simu nyumba mnazochora, zinazunguka zenyewe kama keki ya harusi. Hongereni. Kompyuta mimi siijui. Ofisi ndogo ya ramani naijua, maana niliingia moja kule Lindi mwaka 1962, nikiwa na miaka 18, na nilikuwepo siku inafungwa.

Tulikuwa watatu: bwana mwenye ofisi, karani wa taipureta, na mimi mchoraji. Chumba kimoja ghorofani, chini yake duka la vitambaa. Bwana alikuja kusini mwanzoni mwa miaka ya 50, akiifuata karanga kama wengi wenzake. Habari ile mmeisikia: mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea, na ilipofika 1951 umeshakufa, mamilioni ya pauni yamezama ardhini. Bandari ya Mtwara waliyokusudia kuzisafirishia ikafunguliwa 1954, karanga zenyewe hazipo. Reli ya Nachingwea ikakosa mzigo, ikaja kung'olewa mwanzoni mwa Uhuru. Mtwara ikabakiwa na barabara pana na viwanja vilivyoachana mbali, mji uliopimiwa watu ambao hawakuja. Mkitembea kwa miguu saa saba mchana mtanielewa.

Bwana hakurudi alikotoka. Alichora maduka yenye makazi juu, ghala za korosho, nyumba za walimu. Majengo ambayo hakuna mtu anayeyapiga picha. Soko la Kariakoo lililofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1975 watu wanajua ni mchoro wa Beda Amuli, na ni haki yake. Ghala la korosho la Lindi nani atakutajia aliyelichora?

Ila mle ofisini tulikuwa tunalijua jua. Sisi tupo kiasi cha nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua la adhuhuri linasimama kaskazini mwetu, limeinama sana. Mwezi wa kumi na mbili linahamia kusini, karibu utosini. Kwa hiyo ukuta mrefu tuliutazamisha kaskazini na kusini, kivuli cha zege juu ya madirisha ya kaskazini kikatoka zaidi, na upande wa magharibi tuliweka ngazi, stoo na choo, vipigwe na jua la jioni vyenyewe. Juu ya milango, matofali ya matundu, ili pepo za kusi na kaskazi zipite hata nyumba ikifungwa. Nimeona mchoro wenu mmoja wenye kioo kuanzia sakafu hadi dari, upande wa magharibi. Atakayelala chumba kile mtamlipia umeme nyinyi?

Lakini sikuandika barua hii kwa ajili ya kioo.

Kwenye kona ya kila karatasi, chini kulia, palikuwa na kisanduku cha jina la jengo, jina la mchoraji na tarehe. Kukijaza ilikuwa kazi yangu. Tulichora kwa wino kwenye karatasi angavu, ukikosea unakwangua kwa wembe taratibu usiitoboe, kisha nakala zinatolewa kwa dawa ya amonia inayochoma macho hadi machozi. Kufikia hapo nimechoka, na kisanduku nakiona upuuzi. Mara nyingi niliacha nafasi ya tarehe wazi, nikijiambia nitaijaza kesho.

Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majumba. Nyumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ilichukuliwa, ikawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Fidia ilitegemea umri wa jengo: kadiri lilivyozeeka ndivyo ilivyopungua, na likishatimiza miaka 10 mwenyewe hapati kitu. Wiki hizo ngazi yetu ya mbao haikunyamaza. Watu wazima, wengine waliwahi kunifukuza dukani kwao, walinisimamia mezani wakiniita mwanangu, wakiomba ramani tu, wapate kuonyesha mwaka.

Mmoja wao nyumba yake niliichora mimi mwenyewe. Niliikunjua karatasi mbele yake. Jina lipo, mwandiko wangu upo, na pa tarehe pako peupe. Akaniomba niijaze palepale. Nilikataa, kwa kuwa wino mpya kwenye karatasi iliyogeuka rangi unajulikana hata kwa kipofu. Hakunitukana. Aliivaa kofia yake akashuka.

Baada ya hapo nani angejenga nyumba ya kupangisha? Wateja waliisha na bwana akafunga. Ramani za karibu miaka 20 zikaachwa kwenye veranda ya nyuma, na miezi michache baadaye nilinunua karanga za kukaanga stendi, nikapewa zimefungwa kwenye nusu ya ngazi niliyoichora mwenyewe. Nilicheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena.

Nyinyi mnasema zenu ziko kwenye kompyuta. Kompyuta ya nani, na akihama? Kila kazi ikikamilika toeni nakala moja ya karatasi, mwandike siku, mwezi na mwaka, jina la aliyechora na jina la fundi mkuu aliyejenga, maana huyo fundi nusu ya maamuzi kayafanya yeye juani. Muifungie kwenye kasha la bati, mbali na mchwa na mbali na paa linalovuja.

Ninazo ramani kumi na moja nilizoziokoa pale verandani. Jumamosi baada ya alasiri njooni mzichukue. Msije na bodaboda, ramani zinajikunja, na mvua za mwaka huu mnaziona. Tarehe nilizozikumbuka kwa hakika nimeziandika kwa penseli. Nisizozikumbuka nimeziacha hivyo hivyo.

Babu yenu,
mchoraji ramani mstaafu, Shangani