Majilio yanatupita tukiwa bize na oda za Krismasi

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, hili jambo limenikaa rohoni na ningependa hasa mafundi cherehani wenzangu walisome.

Sisi mafundi Desemba ndo msimu wetu, ukiikosa hela ya Desemba ada ya Januari utaitoa wapi, kwa hiyo toka Novemba ni sare za kwaya, vigauni vya ubatizo, vitenge vya familia nzima wanaotaka kufanana wakienda kwao Moshi au Bukoba, na madukani huko spika zinapiga nyimbo za Krismasi wakati kanisani bado tupo kwenye Majilio, zile wiki nne za kumngoja Bwana kabla ya Krismasi, mavazi ni ya zambarau na hata wimbo wa Utukufu hatuimbi. Majilio yangu miaka yote ni hivyo, niko misani nawaza vifungo.

Sasa mwaka huu, wiki ya Dominika ya pili ya Majilio, umeme ukakatika saa moja jioni. Kibarazani kwangu alikuwepo mama mmoja mtu mzima, kaja mara ya tatu kufuata nguo ya kupunguza, na mara zote nilimwambia njoo kesho mama, maana kupunguza hela yake ndogo, kila oda mpya ikiingia mfuko wake nausukuma chini. Giza ndo likatukalisha. Nikawasha mshumaa, binti yangu wa miaka 7 akauliza, mama, mbona kanisani kwenye lile taji la mishumaa wamewasha miwili tu na ipo minne?

Yule mama akamjibu yeye, kumbe ni Mlutheri na amefundisha watoto shule ya Jumapili. Akamwambia, mjukuu wangu, lile taji lilianzia Ujerumani mwaka 1839, mtu mmoja wa kanisa anaitwa Johann Wichern alikuwa analea watoto maskini kule Hamburg, wakawa wanamsumbua Krismasi lini, Krismasi lini, akachukua gurudumu la mkokoteni akapanga mishumaa, minne mikubwa ya Jumapili na midogo ya siku za katikati, kila siku wanawasha mmoja. Binti yangu katulia kimya anausikiliza mshumaa kabisa.

Mi nikaona aibu, nikauvuta ule mfuko nikaanza kufumua kwa mkono. Kitenge kimepauka kwapani. Nikauliza hiki cha nani mama, akasema cha mwanangu, tumemzika Agosti, mtoto wake anataka Krismasi avae nguo ya mama yake.

Wiki 2 Mhariri, kile kitenge kimelala chini ya meza miguuni kwangu, na mimi kila Jumapili nasali njoo Bwana Yesu. Alishakuja mara tatu na nikamwambia njoo kesho.

Sisemi watu wafunge maduka jamani, watoto wanakula kwa hizo hela. Naomba tu, mshumaa umebaki mmoja, tafuteni hata jioni moja mzime spika, muache cherehani, mteja akija mpeni kiti na mumuulize nguo ni ya nani. Na mapadre na wachungaji mtusemee hili mimbarini kabla ya matangazo ya michango.

Kigauni nilikimaliza Jumamosi usiku, Dominika ya tatu jioni yule mama akaja na mjukuu wake kukichukua. Mtoto hakukivaa kwanza, alikikunja akakiweka usoni akakinusa.

Fundi cherehani,
Mbagala, Dar es Salaam