Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Pale Damu Inaporudi kwenye Figo

Ndugu wanachama mliopandikizwa figo, mliotoa figo zenu, nanyi mnaotuuguza, nawasalimu.

Hesabu atazisoma mhazini, mimi sitakaa huko. Swali lililorudi karibu kila kikao mwaka huu ni moja: inakuwaje figo ya ndugu mwenye afya njema ikae siku kadhaa bila kutoa mkojo?

Swali hilo limenipata mwenyewe. Niliwekewa figo ya dada yangu asubuhi. Hadi usiku mfuko wa mkojo uliotundikwa kitandani ulikuwa mkavu. Nikarudishwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Dada akadhani amenipa figo mbovu, akalia siku mbili. Hakuna aliyemweleza kitu.

Ndiyo maana tulimwalika muuguzi wa chumba cha upasuaji. Alitueleza kwamba figo ikishatolewa husafishwa kwa maji maalumu ya baridi na kuwekwa kwenye barafu, kwenye nyuzi joto 4 hivi, nayo hupauka. Baridi hupunguza njaa ya seli, lakini haiimalizi. Seli hula akiba yake, na ndani yake hurundikana kemikali iitwayo suksineti. Daktari akiachia kibano, damu huingia, figo hugeuka nyekundu huku unaiona. Wote chumbani hufurahi, kumbe hatari ndiyo kwanza inaanza. Oksijeni imerudi kwa ghafla. Mitokondria, yaani vinu vidogo vya nguvu ndani ya seli, huichoma suksineti ile kwa pupa, na cheche zake huunguza seli kutoka ndani. Watafiti wa Cambridge na wenzao walilionyesha hilo mwaka 2014. Aliyeshinda na njaa siku nyingi hapewi sinia zima la pilau.

Kwetu Tanzania, tangu Hospitali ya Muhimbili ianze kupandikiza figo Novemba 2017, mtoaji ni ndugu aliye hai, kwa hiyo figo haikai sana kwenye barafu. Hiyo ni kinga kubwa. Nchi zinazotumia figo za marehemu zina kibarua kigumu zaidi. Katika utafiti wa Ulaya uliotolewa mwaka 2009, figo mbili za mtoaji mmoja zilitenganishwa: moja ikawekwa kwenye barafu, nyingine kwenye mashine inayopitisha maji baridi ndani yake. Zile za mashine hazikuchelewa kuamka mara nyingi kama za barafu.

Lakini lililonigusa zaidi ni dripu. Mwaka 2023 madaktari wa Australia na New Zealand walitangaza kwamba waliopewa maji yenye uwiano wa chumvi unaokaribia ule wa damu, badala ya maji ya chumvi ya kawaida, walipungua kurudi kwenye mashine ya kusafisha damu wiki ya kwanza: 30 katika kila 100, dhidi ya 40. Mashine ya kuhifadhi figo hatuna, dripu tunazo! Utafiti ule ulihusu figo za marehemu, kwa hiyo hatuwezi kwenda kumwamrisha daktari. Kuuliza tunaweza, na kamati imeshaandaa barua.

Naomba pia mkutano uidhinishe kipeperushi cha ukurasa mmoja, apewe kila mtoaji kabla ya upasuaji, kimwambie kwamba figo ikichelewa kuanza kazi haina maana aliyoitoa ni mbovu. Yangu iliamka siku ya sita. Aya ya kwanza dada amekubali kuiandika yeye.