Kisima karibu na mringaringa ni kipi?

Mhariri pole na majukumu, naomba nafasi kidogo niseme hili la maji ya kwetu Arumeru.

Mimi nimezaliwa Maji ya Chai, ukiniona nacheka nimeziba mdomo na kiganja ujue sio aibu za kike, ni meno. Ya kahawia, na mengine yana vishimo kama mahindi yaliyobunguliwa. Huku tumezoeana ila nilivyoenda kusoma Dar watu walikua wananiuliza kama navuta sigara, binti wa miaka 15 jamani. Ni floraidi hiyo. Mlima Meru ni volkano, miamba yake ina hayo madini, maji yakipita chini kwenye mawe yanayabeba halafu mtoto anayanywa kipindi meno ya ukubwani bado yanajiunda ndani ya ufizi, yakija kuota yameshaharibika na mswaki hausaidii kitu. Ikizidi sana miaka mingi inaingia mpaka kwenye mifupa. Na wanaosema chemsha ndo wanakosea kabisa, maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki palepale.

Sasa kilichonifanya niandike. Kaka na mdogo wangu wamejenga kijiji kimoja, toka kwa huyu mpaka kwa yule ni dakika kama 10 kwa mguu, hata boda hupandi. Kaka anatumia kisima kirefu, mdogo wangu anachota chemchemi ya huko juu. Sikukuu tumekaa tupige picha, watoto wa mdogo wangu wanacheka meno meupe, wa kaka wamefunga midomo kama shangazi yao. Chakula wanakula kilekile, maji tu ndo tofauti (magadi ya kwenye makande nayo yana floraidi yake ila hiyo siku nyingine).

Kwa hiyo ukiniambia wastani wa wilaya ni kiasi fulani hujanisaidia, mtoto hanywi wastani, anakunywa kisima cha nyumbani kwao. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, sisi miaka mingi tuliruhusu mpaka 4 sababu maji yenyewe ya shida, baadae ndo ikashushwa. Sawa, ila kisima kipi kiko chini ya hapo na kipi kimepita?

Nikaenda ofisi moja inayohusika, siitaji, kuulizia kisima cha kaka. Dada wa pale muungwana, kanifunulia faili, na vipimo vipo! Floraidi imeandikwa na pointi yake vizuri kabisa, tarehe ipo, sahihi ipo, sehemu ya mahali imeandikwa "kisima karibu na mringaringa". Mringaringa gani? Ule mti mkubwa ulishakatwa, na visima eneo lile sahivi viko vitatu. Tulicheka wote wawili ila mimi nilitoka pale roho inauma.

Simu ya kawaida tu ya mtaani ina jipiesi (GPS), inakupa namba za mahali uliposimama. Anayechukua sampuli asimame hapo hapo kisimani, aandike namba za eneo, kina cha kisima, kama ni masika au kiangazi, basi, viwekwe kwenye ramani ambayo hata mama anayenunua madumu au kijana anayetafuta ploti anaifungua na kuona. Halafu meno ya watoto yakikaguliwa shuleni tuulizane wanachota wapi, tulinganishe, hapo ndo tutajua kisima gani kiachwe cha kufulia na kumwagilia na wapi ianze kupelekwa michujo ya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ile ya kituo cha Ngurdoto cha kupunguza floraidi kwenye maji. Nyumba za watoto zisionyeshwe kwenye ramani, kisima tu kinatosha. Wenye visima vya kuuza najua hawatapenda, dalali wa ploti ndo usiseme, maana siku hizi "maji yapo" ndo sifa ya kwanza anayokupa.

Wakati tunasubiri hao wakubwa, kama una karatasi ya kipimo cha zamani kabatini ipeleke mpaka kisimani, fungua simu, andika zile namba nyuma yake kabla mzee aliyekichimba hajasahau ni kipi. Mimi nimeanza na cha kaka, sampuli mpya iko maabara.

Msomaji wenu,
Usa River