Barua ya wazi kwa Gavana wa Ituri: ruhusu raia wahesabu barierini

Kwa Mheshimiwa Gavana wa kijeshi wa Jimbo la Ituri, Bunia

Mheshimiwa Gavana,

Tunaomba ruhusa moja tu. Raia wa kujitolea, wawili wawili, wasimame karibu na barieri, yaani vizuizi vya kamba barabarani, za jeshi na polisi, wahesabu wanaopita, wapime muda wanaosubiri, na waandike wanachotozwa. Hawatamsimamisha msafiri wala kumhoji askari.

Tunaileta kwako kwa sababu tangu tarehe 6 Mei 2021 mamlaka ya kiraia jimboni yamo mikononi mwa jeshi. Zamani lalamiko la barieri lilizungushwa: kwa mkuu wa wilaya, kwa polisi, kwa brigedia, likafia njiani. Leo mlango ni mmoja.

Hatupingi ukaguzi. Kwenye barabara ya Komanda hadi Luna, ambako waasi wa ADF wameua wasafiri na magari husindikizwa kwa msafara, hakuna mwenye akili anayetaka askari waondoke. Hatuna ugomvi pia na tozo ya FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, maana ile ina risiti. Djugu wana mji mzima unaoitwa Iga Barrière, kwa hiyo kamba barabarani si jambo la jana kwetu. Shida ni kile kinachopita chini ya kamba. Ibara ya 30 ya Katiba inampa kila aliye nchini haki ya kutembea humo kwa uhuru, na ibara ya 174 inasema kodi huwekwa na sheria peke yake. Noti ya faranga 500 iliyokunjwa ndani ya kadi ya mchaguzi haimo katika sheria yoyote.

Kazi hii si ya kubuni. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya utafiti ya Ubelgiji, walichora ramani ya barieri 798 katika Kivu mbili, 312 Kaskazini na 486 Kusini, na nyingi zilikuwa na watumishi wa Serikali, si waasi peke yao. Nje ya Kongo, wanawake wa Israeli walianzisha Machsom Watch mwaka 2001 kutazama vizuizi vya jeshi lao wenyewe vinavyowazuia Wapalestina, kisha kuandika ripoti. Mwaka 2002 Baraza la Makanisa Ulimwenguni likaanza kupeleka huko wajitolea wa EAPPI, mpango wake wa kuwasindikiza raia, ambao walikuwa wakikaa miezi mitatu hivi na kuhesabu, kwa mfano, wafanyakazi waliokuwa wakipanga foleni kabla ya alfajiri kwenye kizuizi cha Bethlehem. Nguvu ya wale wanawake ni kwamba ni raia wa nchi ya askari, na wengi wana umri wa mama yake. Mama wa Bunia akisimama mbele ya kijana wa FARDC, jeshi la Kongo, atakuwa na uzito uleule.

Sasa utaratibu, kwa kuwa kamanda wa barieri atakuuliza hao watu wanafanya nini hasa.

Mmoja anashika kihesabio cha kubonyeza kwa kidole, mwenzake anaandika. Hesabu inafungwa kila dakika 15 na kuanzwa upya, na kila saa wanabadilishana kazi. Anayehesabu zaidi ya hapo huanza kukisia bila kujijua. Wenda kwa miguu, baiskeli, pikipiki na magari huandikwa kila kundi peke yake, na kila upande wa barabara peke yake. Waliorudishwa wana safu yao. Safu hiyo ndiyo husahaulika, na bila hiyo barieri inayorudisha nusu ya watu itaonekana nyepesi, kwa kuwa foleni yake ni fupi.

Muda wa kusubiri haupatikani kwa kuuliza. Ukimuuliza msafiri atakuambia saa nzima, na pengine zilikuwa dakika 25. Kila nusu saa mtazamaji anamchagua mtu wa mwisho kwenye foleni, anakariri kitenge chake au rangi ya kofia, anaandika saa aliyofika na saa aliyotoka. Jina halihitajiki.

Fedha ni ngumu zaidi, maana mtazamaji aliye barierini haioni. Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anatoa karatasi, karatasi inarudi nyepesi, basi. Kwa hiyo jozi ya pili inakaa mbele kidogo, pale motari wanapongoja abiria, mbali na macho ya askari, na kumuuliza kila motari wa tano: umetoa ngapi, umepewa risiti au jetoni (kipande cha kuonyesha umelipa)? Wa tano, hata kama hana hamu ya kuzungumza. Ukimsikiliza anayekuja mwenyewe utakusanya wenye hasira tu, na ripoti yako itaanguka kwa swali la kwanza la ofisa.

Saa nazo zichanganywe. Siku ya soko haifanani na siku ya kawaida, na saa ya mwisho kabla ya barieri kufungwa jioni ndiyo yenye bei mbaya, kwa sababu anayechelewa atalala njiani. Ratiba isijulikane. Askari akijua kwamba Jumanne watazamaji wapo, Jumanne atakuwa malaika na Jumatano atarudisha alichokosa. Ndiyo maana jozi ya motari hufanya kazi hata siku ambazo hakuna mtu barierini: tofauti kati ya siku hizo mbili inaeleza mengi kuliko hesabu yote ya magari.

Kuna yasiyoandikwa kabisa: idadi ya askari, silaha, redio, saa ya kupokezana zamu, saa ya msafara. Daftari lenye mambo hayo ni la jasusi, na litamletea kifo aliyelibeba, awe amekamatwa na upande wowote. Picha hazipigwi. Daftari linalofaa ni lile ambalo likinyang'anywa halimdhuru mtu.

Wanasimama mita 20 au 30 kutoka kwenye kamba, wakionekana, na kamwe si nyuma ya askari, kwani wasafiri watadhani ni wenzao. Kizibao kiwe cha rangi isiyofanana na sare yoyote, wala kisiwe na msalaba mwekundu. Risasi ikilia, askari akionekana amelewa, au kamanda akisema ondokeni, wanaondoka bila kubishana na kuandika saa. Kwenye barieri za wanamgambo wa CODECO na vikundi vingine hawaendi. Huko ruhusa yako haiwezi kuwalinda.

Jambo moja tu linawaruhusu kuingilia: mgonjwa mahututi au mjamzito mwenye uchungu anayezuiwa. Hapo wanapiga simu. Namba hiyo iwe ya ofisa aliyepewa kazi hiyo, mwenye msaidizi wa usiku na wa Jumapili. Namba isiyopokelewa inawageuza watazamaji kuwa pambo la barieri, na lawama hiyo, kwamba wanaipa sura nzuri bila kubadili kitu, watazamaji wenzao kule Palestina wameibeba miaka mingi. Tungependa tuifunge mapema.

Askari naye ataandikwa. Kama hana paa, maji wala chakula cha mchana, ripoti itasema hivyo. Na kama anatakiwa kupeleka kiasi fulani kwa mkubwa wake kila jioni, kumwadhibu yeye peke yake hakutashusha bei hata faranga moja. Atakuja mwingine na kudaiwa kiasi kilekile. Ndiyo sababu tunataka ripoti za kila mwezi zisomwe mbele yako na mbele ya Auditorati ya kijeshi, yaani waendesha mashtaka wa jeshi, si mbele ya kamanda wa barieri peke yake.

Tuanze na barieri tatu kwa miezi mitatu: moja kwenye mlango wa Bunia, moja njia ya Komanda, moja njia ya Mahagi. Kwako tunahitaji barua ya ruhusa kwa Kifaransa na Kiswahili, nakala kwa kila kamanda. Ile namba ya simu. Na orodha ya barieri zinazotambuliwa, yenye huduma zinazoruhusiwa kukaa hapo na tozo zake halali, ibandikwe kwenye kila barieri. Orodha itangulie. Bila hiyo mtazamaji hawezi kujua kama kamba iliyo mbele yake ni yako.

Kwa heshima,

Wajitolea wa utazamaji wa barieri, Bunia